Kotapini ya Kumi na Mbili

Yadini, Alhamisi, kabla ya chai ya asubuhi

Kwako Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu zote anazostahili mkubwa kutoka kwa mdogo wake, na nyingine nimeziongeza kwa sababu leo nina woga. Huko milimani mnaendeleaje? Goti lako bado linatabiri mvua, au nalo limestaafu? Shemeji yangu je, bado anakukaanga kwa maneno kila asubuhi mpaka uive? Mwambie namsalimu, na ile ahadi yangu ya kumtorosha iko palepale, nangoja meno mapya tu. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, macho, na sikio la kushoto ambalo siku hizi linasikia linachotaka. Asubuhi naamka kwa mafungu: kwanza kichwa, halafu mikono, miguu inafuata ikipenda. Lakini wapo wenzetu ambao hawaamki kabisa, kwa hiyo nisikufuru.

Utashangaa kuona barua nene hivi kutoka kwangu. Unajua shule mimi niliiacha darasa la tano, au tuseme tuliachana, kila upande ukashukuru. Wewe mwenyewe ulisema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga wino. Basi vaa miwani, keti, na usisome umesimama. Najua shemeji atasomea juu ya bega lako, hajawahi kujizuia, kwa hiyo mambo ya kazi nitayaeleza kama namweleza mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi, asije akakukatiza kwa maswali. Wewe vumilia.

Habari kubwa ya hapa ni Bibi Harusi. Ndiyo, huyo huyo. Ile mashua ya matanga ya kutembelea tuliyoitunza mimi na wewe, tukaiita Bibi Harusi kwa kuwa kila mwaka inapambwa upya na haiendi popote. Mwenyewe, yule Mfamasia, alipokufa, wanawe waliiacha juu ya magogo miaka sita, ndege wakaifanya choo na paka akazalia ndani ya kabati la matanga. Sasa imepata mwenyewe mpya, rubani wa ndege aliyestaafu, anayetaka kuzunguka nayo dunia yeye na mkewe. Ni mtu mfupi, msafi, hatembei bila orodha. Kila kitu kwake kina kisanduku cha kuweka alama ya vema. Nadhani hata mke alimwoa baada ya kumkagua tairi.

Tumemfanyia Bibi matengenezo ya kumrudisha usichana. Mimi nimepewa kazi za chini, zinazolingana na umri wangu: choo, pampu ya kutoa ngama, yale maji yanayotuama chini kabisa ya mashua, na valvu za sakafuni zinazoingiza na kutoa maji ya bahari. Choo cha mashua unakijua, ni kama mkwe, ukikifanyia haraka kinakurudishia yote uliyokipa, tena mbele za watu. Nimekibadilisha mipira, nimekipaka grisi, nimekibembeleza, sasa tunaelewana. Lakini valvu mbili zilimeguka mkononi mwangu kama biskuti iliyolowa chai. Ukizitazama kwa nje ni shaba nzuri, inang'aa. Kumbe ndani chumvi imekula kila kitu na kubakiza ngozi. Nikakaa nazo kiganjani muda mrefu. Nikasema, kumbe tuko wengi.

Zile winchi tulizozungusha kwa mkono mpaka makwapa yakalia zimeng'olewa, zimekuja za umeme. Rubani anabonyeza kwa kidole kimoja, tanga linapanda, halafu yeye ndiye anayejifuta jasho. Betri za zamani, nzito kama maiti ya tajiri, zimetoka; zimeingia nyembamba ambazo hata mimi nabeba moja kila mkono. Nyuma, juu ya shetri, kuna mabamba ya sola. Kuna mashine ya kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa. Kuna na skrini ya ramani yenye sauti ya kike, inakuambia ulipo na kina cha maji. Siku moja niliiwasha kwa bahati mbaya, mashua ikiwa bado nchi kavu juu ya magogo, ikanionya kwa adabu kwamba niko karibu kupanda mwamba. Nikaiambia, mama, umechelewa miaka sita.

Kilichobaki kilikuwa mlingoti na nyaya zake. Na hapo, Kaka, ndipo Rubani alipotafuta fundi wa milingoti mwenye cheti, akaandika barua huku na huku, na asubuhi moja akaingia getini mwanamke mwenye mkoba wa turubai begani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Anatembea kama wewe, kana kwamba hata ardhi inayumba na haiamini. Akanipa shikamoo, akaniita Baba Mdogo, akauliza kama bado nasema uongo. Nikamwambia uongo nimeacha, siku hizi nasahau tu.

Najua hukutaka aje pwani. Najua mlinuniana mwaka mzima alipokwenda kusomea kazi hii. Wewe uliondoka hapa yeye akiwa na miaka tisa, meno mawili ya mbele hana, amekaa juu ya magodoro kwenye lori anatupungia mkono sote hata wale waliokuwa wanacheka. Ukaenda kulinda bustani ya shule mahali ambapo maji pekee ni ya kisima, na nasikia hata bawaba ya mlango wako mwenyewe humwita fundi kuikaza. Lakini binti yako anaijua kazi. Nasema bila utani. Anapanda mlingotini na kile kiti cha kamba kama mtu anayepanda kitandani kwake. Anapitisha kucha kwenye waya mzima, futi kwa futi, akisikiliza uzi uliokatika. Ameagiza nyaya zote sita mpya, na kila kipande kinachoingia anakigeuza mara mbili kwenye mwanga kabla ya kukikubali, kama shemeji anavyofanya nyanya sokoni.

Sasa shemeji, sikiliza hapa. Mlingoti hausimami kwa nguvu zake. Unashikiliwa na nyaya, kama mlevi anavyoshikiliwa na jamaa zake kurudi nyumbani. Kila waya umefungwa juu na chini kwa pini nene. Pini nene ina tundu dogo nchani, humo hupitishwa kotapini, ambayo ni kipini chembamba chenye miguu miwili. Ukishaikunja miguu, pini nene haitoki. Kotapini ni ndogo kuliko kijiti cha kiberiti. Ikikosekana moja tu, pini nene inacheza, inacheza, siku mashua inabisha, yaani inageuka ili upepo uje ubavu wa pili, pini inachomoka na mlingoti mzima unakuja chini. Juu ya kotapini tunazungusha utepe, zisichane tanga. Nyaya sita, ncha kumi na mbili, kotapini kumi na mbili. Ni hayo tu. Cheti cha mumeo kizima ni hayo tu.

Binti yako siku ya kwanza ya kufunga nyaya alitoa mkobani kopo la majani ya chai. Akahesabu kotapini kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili, akazitia koponi, akasema hakuna ya akiba na hakuna ya mfukoni. Kopo likiwa tupu ndipo kazi imekwisha. Ni maneno yako, Kaka, mpaka kile kikohozi kidogo kabla ya kusema "imekwisha". Mafundi wakatazamana. Mimi nikaenda kukitazama choo, ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Mambo yangeishia hapo kama si mapenzi ya Rubani kwa makaratasi. Jumatatu alipekua kabati lililo chini ya meza ya ramani akakuta daftari lako la matengenezo, limevimba kwa unyevu lakini linasomeka. Akaja nalo kwenye chai, amefurahi kama mtoto, akatusomea. Alisoma siku uliyobadilisha usukani, alisoma siku uliyopaka rangi ya chini mara tatu kwa sababu mvua iliharibu mbili. Akafika ukurasa wa mwisho ulioandikwa: Kotapini kumi na mbili, za shaba, nimezikata mwenyewe. Kopo tupu. Kazi imekwisha. Na sahihi yako, ile yenye mkia. Akauliza kwa heshima kabisa, huyu fundi mwenye mwandiko mzuri hivi yuko wapi siku hizi.

Kuna fundi wa injini hapa tunamwita Domo, akinyamaza ujue anatafuna. Domo akapasuka kwa kicheko, akasema, huyo si Kopo Tupu! Akamsimulia yote, na chumvi akaongeza. Jinsi wiki moja baada ya maneno hayo kuandikwa Mfamasia alitoka baharini na wageni, mashua ikabisha mara moja tu na mlingoti ukalala juu yao. Jinsi Mfamasia alivyovunjika bega asiweze tena kuinua mkono mpaka anakufa. Jinsi walivyozikata nyaya zote ili mlingoti usitoboe ubavu, ukazama na kila kilichofungwa juu yake. Na jinsi ulivyosimamishwa hapa yadini mbele ya watu, ukaulizwa, ukasema kopo lilikuwa tupu, wewe ndiye uliyeandika, basi kosa ni lako. Domo akamalizia kwa ule msemo wa debe tupu na kelele zake. Wote wakacheka. Halafu mmoja akakumbuka, akamtazama binti yako aliyekuwa amekaa palepale na kikombe mkononi. Kicheko kikafa kimoja kimoja, kama taa za mtaa umeme ukikatika.

Rubani alitazama orodha yake kana kwamba imemsaliti. Jioni hiyo hiyo alimwita binti yako na msimamizi wa yadi. Mimi nilikuwa chini sakafuni na valvu yangu, nikasikia yote, na sikio la kushoto siku hiyo lilisikia vizuri kupita la kulia. Alisema kazi ameipenda, aimalize, ila cheti cha mlingoti hatakisaini yeye. Ataletwa fundi wa yadi nyingine afungue kila pini aifunge upya, asaini yeye. Msimamizi akaongeza kwamba wasielewane vibaya, hakuna anayemchukia, ni damu tu. Ni damu tu! Angekuwa ng'ombe ningesema wanachagua mbegu.

Binti yako hakubishana. Kwa hilo pia amekurithi, na kwa hilo ningependa kukupiga kofi kama usingekuwa mkubwa wangu. Kesho yake tulikuwa wawili tunakunja kamba. Akaniambia nyaya atazimaliza kwa sababu amezianza, lakini mashua ikishashushwa majini mkoba wake atamwachia anayeutaka, maana fundi ambaye kazi yake haiwezi kubeba jina lake ni kibarua tu, na kibarua angeweza kufanya nyumbani. Halafu akasema, akiitazama kamba, kwamba wewe ulimlea ukimwambia kopo halidanganyi. Kwamba alipokuwa mdogo, wewe ukiwa bustanini, alikuwa anachukua maharage kumi na mawili na kikombe, anajaribu kutafuta njia ambayo kikombe kitakuwa tupu na harage moja halipo mahali pake. Anasema alijaribu miaka. Hakuipata. Akaniuliza mimi, Kaka. Akaniuliza kama kuna lolote nakumbuka, maana siku ile aliyeshika kopo nilikuwa mimi.

Nikamwambia labda kulikuwa na samaki aliyeihitaji.

Akatabasamu, kwa adabu tu. Yale meno mawili ya mbele yaliota vizuri.

Sasa Kaka, vua miwani uifute, uivae tena.

Siku ile ulikuwa umeweka kumi na moja kwa mkono wako. Mimi nakupa kutoka koponi, wewe unapitisha, unakunja, unafunga utepe. Ilibaki ile ya waya wa nyuma wa kushoto, chini. Mfamasia akakuita ofisini kuhusu rangi. Ukanipa koleo na utepe, ukasema, malizia hiyo. Tulikuwa tumetoka kula, na nyama ilikuwa imeninasa hapa kwenye gego, tangu tunakula inanisumbua. Kopo nikalipindua, kotapini ikaangukia kiganjani. Nikachokolea jino. Sikudanganyi, nilichokolea jino, na ile shaba yako uliyoikata kwa mkono ilikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo, ulioupiga tupa ili iwe rahisi kuichanua, inaingia kwenye gego kama imetengenezwa kwa hilo. Nyama ikatoka. Akapita yule muuza samaki mwenye makalio, nikamtupia neno, akanirudishia mawili, tukacheka. Kotapini nikaichomeka kwenye utepe wa kofia, kama fundi anavyoweka penseli sikioni. Nikageukia waya, nikaona pini nene iko mahali pake, nikachukua utepe nikazungusha juu ya tundu tupu. Nikazungusha vizuri, mara nne, nikalainisha na kidole gumba. Uliporudi ukatazama kopo, tupu. Ukatazama utepe, safi. Ukaandika.

Hilo lilikuwa kosa. Mtu husahau, na kwa kosa peke yake ningekuomba msamaha kwa barua fupi.

Siku Bibi alipovutwa kurudi yadini bila mlingoti, nilivua kofia kujipepea, nikaiona. Nikavaa kofia. Kabla hujaitwa mbele ya watu ulinivuta pembeni, nyuma ya pipa la rangi. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, bila hasira, ile ya mwisho uliiweka? Nikakujibu, niliiweka Kaka, na nikaifunga utepe. Iko kichwani mwangu, nusu shibiri juu ya ulimi unaosema hivyo. Ukanitazama. Ukaniamini. Ukasema, basi ni moja ya zangu. Ukaenda mbele ya watu ukasema kosa ni lako, na hukutaja kwamba kuna moja hukuiweka wewe.

Na hilo nalo si baya kuliko yote. Siku ya tatu, mafundi wamekaa kwenye chai, yule seremala mzee akaanza kusema kwa polepole, lakini jamani, kopo alikuwa ameshika nani? Nikaona swali linakuja kwangu kama gogo linavyoteremka kilima. Nikaruka. Nikasema, kopo tupu, kichwa tupu, jina tumepata! Nikaigiza mwendo wako nimebeba kopo. Wakacheka mpaka seremala akasahau swali lake. Kopo Tupu ni jina nililokupa mimi. Umekuwa ukidhani ni Domo. Domo hana akili ya kutunga jina.

Baada ya hapo nikakabidhiwa funguo za Bibi, zile zilizofungwa kwenye kizibo zisizame. Nikazining'iniza kiunoni miaka yote Mfamasia alipokuwa hai. Wewe ulipokuja kumzika mama ulizitazama, ukaniambia nizitie mafuta zinapata kutu. Nikazitia mafuta. Kofia tatu zimechakaa kichwani mwangu, kotapini nimeihamisha kutoka moja hadi nyingine. Wakiniuliza ya nini, nasema ya kuchokolea meno. Meno yenyewe yamebaki sita.

Usiulize kwa nini sikusema. Mwanzoni nilikuwa mwoga. Baadaye nilikuwa nimezoea. Ukipewa kiti cha mtu, siku za kwanza kinakuchoma, halafu unashangaa kimekuwa na umbo la makalio yako.

Jana nilisema. Usidhani nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali. Nilianza na walio karibu. Kwenye chai, wote wapo, Rubani na msimamizi na Domo na binti yako, nilisimama, nikavua kofia, nikachomoa kotapini nikaiweka mezani karibu na sukari. Nikasema hii hapa, ni mimi, sikuiweka, nilichokolea meno, nikadanganya, na ndugu yangu hana hatia. Neno kwa neno, bila mzaha hata chembe. Kaka, walicheka. Domo chai ilimtokea puani. Maana ni mimi niliyewaambia mwaka jana kwamba nimemeza bolti wakanibeba mbio hospitali, ni mimi niliyewaambia msimamizi amekufa maji naye yuko chooni. Nilidhani wangekoma nikiendelea kusimama. Nikaendelea kusimama. Nikaapa. Wakazidi. Mwishowe msimamizi akafuta machozi, akanipiga bega, akasema mzee huyu ana moyo, amejitwisha msalaba ili amwokoe mtoto wa nduguye, wangapi wangefanya hivyo? Wakanipigia makofi. Wamenisifu, Kaka. Miaka ishirini na miwili nimeuficha ukweli, siku nilipoutoa wameuona ni utani wangu mzuri kuliko yote, na juu yake wakanipa heshima.

Rubani hakucheka. Alinijia baadaye akaniambia yeye hafanyi kazi kwa huruma wala kwa vichekesho. Nikamwambia basi afanye kwa nini. Akafikiri, akasema amelisoma lile daftari lote, na mtu aliyeliandika hakuwa mtu wa visingizio. Kama mtu huyo, ambaye hajajitetea tangu siku ile, akija akasema kwa kinywa chake kwamba ya mwisho alimpa mwingine, yeye ataamini, na binti atasaini.

Binti yako naye hakucheka. Aliichukua ile kotapini mezani, akaipima miguu kwa ukucha wa kidole gumba. Akaona mmoja ni mfupi. Akairudisha mahali pake, taratibu, karibu na sukari, akaenda kumalizia waya wake. Alasiri nilimpelekea koleo aliloliacha chini. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema, asante Mzee.

Mzee. Kama wanavyoniita wote. Tangu jana mimi si Baba Mdogo tena.

Sasa nakuomba, na ninajua sina mdomo wa kukuomba. Bibi Harusi anashushwa majini Jumamosi ya wiki ijayo, maji ya bamvua yakijaa, saa nne asubuhi. Njoo. Sikuiti uje unisamehe. Hilo ukitaka kulifanya au kutolifanya, lifanyie hukohuko kwako, taratibu, una bustani. Nakuita uje unishitaki. Mimi nimesema nisiaminiwe, wewe ukisema utaaminiwa, maana wewe maneno uliyaweka akiba na mimi nimeyatapanya. Njoo na kile kipande cha waya wa shaba ulichokatia zile kumi na mbili, najua unacho, hujawahi kutupa kitu katika maisha yako isipokuwa kazi yako. Kipande na kotapini wataviweka pamoja wataona ni mama na mtoto. Nami nitasimama chini ya mlingoti kichwa wazi, anayetaka kucheka acheke. Na kama goti halitaki kupanda gari, basi andika mistari mitatu tu kwa mwandiko wako ule, utie sahihi yenye mkia, umpe huyu dereva wa lori la mbao anayekuletea barua hii. Anarudi huku Jumanne. Lakini bora uje. Binti yako atakuwa ameshika kalamu, na nisingependa asaini akiwa peke yake.

Mimi baada ya hapo naacha funguo. Usiwe na wasiwasi nitaishije. Choo cha mashua hakikosi mtu wa kukibembeleza.

Nisalimie shemeji, kama bado anakubali salamu zangu. Mwambie ule mpango wa kumtorosha nimeuvunja, anastahili mwanamume aliyebaki naye. Salimia bustani, na watoto wa shule wanaokuibia mapera, na goti. Ukae salama, ule vizuri, uzeeke polepole kuliko mimi.

Ndani ya bahasha, kwenye kipande cha tanga, nimekufungia ile ya kumi na mbili, uje nayo. Nimeiosha.

Mimi mdogo wako,
niliyeshika kopo